Nukta ya Kijani Nyuma ya Busi

Zuberi alizikwa Kondoa mwezi uliopita, siku ya upepo mkali, na vumbi jekundu likatufuata hadi ndani. Wanaume walipoondoka na jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki uani tumeketi juu ya mikeka, na baadaye tukaletewa pilau kwenye masinia. Binti mmoja wa ukoo wao, tuliyekuwa tukila naye sinia moja, aliniuliza kwa upole mimi ni nani wa marehemu. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja Dodoma, zamani, mwaka mmoja tu. "Mwaka mmoja," akasema, "na umesafiri kutoka Mwanza?" Hakuwa na nia mbaya. Nilitafuna nyama yangu polepole ili nisijibu, maana jibu fupi sikuwa nalo. Tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikilitafuta lile refu.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kuishi, kule Kizota, iliyopakana ukuta na karakana ya kuchomelea mageti. Mchana kutwa tulisikia mashine ya kukatia chuma ikilia, na kila fundi wa upande wa pili alipoanza kuchomelea, taa zetu zilififia kidogo, kisha zikarudi. Sebule ndiyo iliyokuwa chumba cha kazi. Ukutani, mahali ambapo familia nyingine ingetundika picha ya harusi, sisi tulitundika televisheni kubwa iliyoonyesha ramani ya mkoa, na juu ya ramani kulikuwa na nukta. Kila nukta ilikuwa kijiji au kitongoji chenye pampu ya mradi wetu, kuanzia mabonde ya Mtera upande wa kusini hadi vilima vya Kondoa kaskazini. Nukta ya kijani ilisema maji yapo. Nyekundu ilisema hakuna. Taarifa mpya ilipoingia, nukta ilipepesa kama jicho, ikafumba na kufumbua, kisha ikatulia. Madam Eliza, mkurugenzi wetu, hakupenda mwanga uangukie ile televisheni, kwa hiyo mapazia yalifungwa daima, na tulizoea kuishi katika kigiza cha rangi ya majani mabichi hali nje jua la Dodoma likiwaka. Tulikula humo humo. Mama Juli, aliyekuwa na banda la chakula mtaa wa pili, alituletea wali na maharage, na siku nyingine ugali wa uwele na mlenda, akatupangia sahani mezani chini ya ramani. Nakumbuka alivyokuwa akiinamisha kichwa kila alipopita mbele yake. Nilimuuliza mara moja kwa nini. "Nahisi kama kuna watu wananitazama," akasema, akacheka, nami nikacheka.

Zuberi ndiye aliyeijenga programu yenyewe. Alikuwa amenizidi miaka michache, Mrangi wa vilima vya nyuma ya Busi, huko Kondoa, mtu mwembamba aliyependa chai ya tangawizi na ambaye hakunyanyua sauti hata siku moja. Kila pampu ilipewa simu moja, ikakabidhiwa kwa mlinzi wa pampu. Kioo cha simu hiyo kilikuwa na vitufe viwili tu, kimoja juu ya kingine. Cha juu kilikuwa na picha ya bomba linalotiririka, na chini yake maneno Maji yapo. Cha chini kilikuwa na bomba lile lile lenye alama ya kosa, Maji hakuna. Mlinzi alibonyeza, simu ikamjibu Asante, tumepokea taarifa yako, na kwetu nukta ikapepesa. Ikiwa nyekundu, mafundi wa pampu walipigiwa simu. Kazi yangu mimi, iliyokuwa kazi yangu ya kwanza baada ya chuo, ilikuwa kuisoma ile mibonyezo. Kila mbonyezo ulitufikia kama mstari mmoja: kitongoji gani, saa ngapi, kitufe gani. Niliisoma kutwa nzima, na ikafika wakati nikawajua watu nisiowahi kuwaona kwa namna walivyobonyeza, kama unavyomjua jirani kwa kikohozi chake.

Simu ya kwanza kabisa Zuberi aliipeleka kwao, akamkabidhi shangazi yake, Bi Salima. Kitongoji chenyewe sitakitaja jina. Wenyeji wake wapo, nao wametazamwa vya kutosha. Mtandao kule ulishika mahali pamoja tu, kwenye kichuguu kilichokuwa kando ya pampu, na hata hapo haukutosha kuongea; sauti ilikatika katika kila neno la pili. Lakini mbonyezo ulipita. Kwa hiyo asubuhi, tulipokuwa tukinywa chai, nukta ya nyuma ya Busi ilipopepesa, Zuberi alikuwa akiinua kikombe chake kuelekea ukutani na kusema, "Shangazi ameamka." Nilimuuliza kama huwa haendi kumsalimia. "Namsalimia hivi," akasema. "Mimi namwona, na yeye anajua namwona."

Wakati wa mavuno Madam Eliza alileta sura mpya ya programu. Ilikuwa imechorwa na kijana mmoja wa Dar es Salaam, hodari wa rangi, ambaye hakuwahi kufika kwenye pampu zetu. Hoja yake ilikuwa nzuri, na sote tuliikubali mezani huku tukila: mtu mwenye maji hana haja ya kutoa taarifa. Anayehitaji kusikika ni yule asiye nayo. Basi kitufe cha Maji yapo kikaondolewa. Maji hakuna kikapandishwa juu, kikakuzwa, kikajaza nusu ya kioo, na chini yake kikawekwa kitufe kipya cha mafunzo ya kunawa mikono, ambacho hakikutuma kitu kwetu. Tangu siku hiyo kitongoji kisichosema kitu kingehesabiwa kuwa na maji. Simu zingejipatia toleo jipya zenyewe, moja moja, kadiri zilivyoshika mtandao.

Kisha kiangazi kikaingia. Wanaoishi Dodoma wanakijua, ule upepo unaokausha midomo, mbuga zinazogeuka rangi ya mfupa. Miaka ya nyuma, nilivyosimuliwa, ramani ilikuwa ikiwiva nyekundu kufikia Agosti. Mwaka ule ilibaki kijani. Mafundi wa pampu walikuja ofisini kusalimia tu, hawana safari. Wafadhili walikuja, wakapiga picha mbele ya televisheni, na jikoni nikamsikia Madam akiongea kwenye simu kwa furaha: "Hatujawahi kupata kiangazi kama hiki. Hata mimi siamini." Mimi nilikuwa naosha kikombe. Maneno hayo ya mwisho yalinikaa.

Maana katika mistari yangu kulikuwa na jambo ambalo sikulielewa. Kitufe cha Maji yapo, tulichokwisha kukiondoa, kilikuwa kikibonyezwa bado. Nilimwita Zuberi aje atazame.

"Simu hizo zina toleo la zamani," akasema. "Hazijajibadilisha. Huko vijijini unadhani mtandao ni wa Kizota? Subiri, zitakwisha."

Ilikuwa sababu yenye akili, nikasubiri. Hazikwisha, ziliongezeka. Na namna walivyobonyeza ilikuwa imebadilika. Zamani mtu mwenye maji alibonyeza mara moja kwa wiki, au akasahau kabisa; nani anayekumbuka kuyataja maji yanayotiririka? Sasa vitongoji vile vile vilibonyeza alfajiri, vikabonyeza adhuhuri, vikabonyeza jioni, kwa haraka haraka, kama watu wanaogonga mlango. Maji yapo, maji yapo, maji yapo. Niliposoma mistari ile kimoyomoyo niliona haina furaha. Sikuweza kumweleza mtu jambo hilo. Ungemwambia nini mkurugenzi wako, kwamba kitufe kisichokuwepo kinabonyezwa na watu ambao hawasikiki kufurahi? Nilihamisha kiti changu, nikaanza kula nikiwa nimeipa ramani mgongo, na hilo nalo likawa baya zaidi, kwa sababu zile nukta zilipopepesa mwanga wake ulipita juu ya sahani yangu. Mama Juli aliona. Siku hiyo aliniongezea mlenda bila kuombwa.

Siku ninayotaka kuisimulia, mafundi wa mageti walichelewa kuja, na nyumba ilikuwa kimya kuliko kawaida. Nukta ya nyuma ya Busi ilianza kupepesa kabla chai haijachemka, ikaendelea. Haikutulia hata kidogo. Kijani, kijani, kijani, bila kupumzika, hadi ikawa kama mshumaa kwenye upepo. Zuberi alisimama mbele yake na kikombe mkononi, akitabasamu. "Leo Shangazi ana furaha gani?" akasema. Nilifungua mistari. Maji yapo ilikuwa imejaza ukurasa, na mingine ilikuwa ikishuka chini yake nikiitazama. "Kaka Zuberi, hebu mtafute mtu kule," nikamwambia. Akasema mwenyekiti wa kitongoji alihamia bondeni na mifugo kufuata malisho, watu wengi wamehamia huko, ila Shangazi amebaki na mumewe, Mzee Omari, aliyepooza miguu. "Wana maji, Tabi," akasema. "Si unaona?"

Ilikoma karibu na chakula cha mchana, ghafla. Mama Juli alikuwa akipanga sahani, simu ya Zuberi ikalia. Alikuwa binamu yake, akipiga kutoka Busi. Zuberi alisikiliza, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akarudisha kijiko mezani taratibu. Mzee Omari alifariki alfajiri. Wangemzika mchana ule ule, asingewahi.

Ofisi zetu zina utaratibu wake. Mfanyakazi akifiwa, mwenzake humsindikiza na rambirambi. Madam aliniteua mimi. Kesho yake tulipanda basi la Kondoa, tukachukua gari dogo hadi Busi, na kutoka hapo pikipiki mbili, tukipita kando ya makorongo mekundu yaliyochimbwa na mvua za zamani, marefu kiasi kwamba usingeona chini. Njiani Zuberi alinisimulia habari za mzee, jinsi alivyomfundisha kuwinda kanga kwa mtego, jinsi alivyokuwa akiimba kaswida kwa sauti mbaya. Alikuwa na huzuni ya kawaida, huzuni ya mtu aliyefiwa na mzee. Namkumbuka hivyo, na huwa natamani safari ile ingekuwa ndefu zaidi.

Tulishuka mwanzoni mwa kitongoji. Sikusikia kuku. Hilo ndilo lililonishtua kwanza: hakuna kuku, hakuna mbuzi, hakuna mtoto anayelia popote. Nyumba za tembe zilikuwa zimeinama pale pale zilipo, milango imezibwa kwa matawi ya miiba, na upepo ulikuwa ukiburuta sufuria moja tupu uani kwa watu, ikienda na kurudi. Zuberi alitangulia kuelekea nyumbani kwa shangazi yake. Mimi nilipita karibu na pampu. Chini ya mdomo wa bomba, mahali ambapo pangekuwa na tope na nyayo za kwato, udongo ulikuwa umepasuka vipande vipande kama sahani. Niliinama nikaona nyigu wamejenga ndani ya bomba. Walikuwa wengi, wanaingia na kutoka bila wasiwasi. Nilisimama pale. Mfukoni mwangu nilikuwa na simu yenye ramani ya ofisi, na sikuitoa, kwa sababu nilijua itaonyesha nini.

Kwa Bi Salima kulikuwa na watu wachache tu waliopanda kutoka bondeni kwa ajili ya msiba. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi juu ya ngozi, mdogo, amejifunga kanga mbili. "Shikamoo, Shangazi. Poleni sana," nikamwambia. "Marahaba mwanangu. Tumeshapoa," akajibu, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu kama gome. Mwanamke mmoja mzee, jirani yake, ndiye aliyekuwa akisimulia mazishi, kama inavyokuwa msibani, kila anayeingia anasimuliwa upya.

"Alikata roho kabla ya adhana," akasema. "Wanaume wakaja kutoka bondeni, wakachimba. Kumwosha hatukuweza. Alifanyiwa tayamamu."

Mimi ni Mkristo, sikulijua neno hilo. Baadaye nilielezwa: ni pale maiti anapopanguswa kwa udongo safi, kwa sababu maji hayakupatikana.

Zuberi aliinua uso. "Tayamamu kwa nini," akauliza, "na maji yapo?"

Watu walitazamana. Nadhani walifikiri msiba umemchanganya.

"Maji gani, Zuberi?" Bi Salima akamuuliza.

"Ya pampu, Shangazi. Si unaniambia kila siku?"

"Mimi nakuambia nini?"

Bi Salima aliinuka kwa kujisukuma na mikono yote miwili, akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa simu ya mradi, iking'aa, imefutwa vumbi. Tukamfuata hadi kwenye kichuguu. Alipanda juu, akainyanyua simu kidogo kutafuta mtandao, akatuonyesha kioo. Palikuwa na bomba kubwa lenye alama ya kosa, limejaza nusu nzima. Maji hakuna. Simu yake haikuwa na toleo la zamani. Akabonyeza. Asante, tumepokea taarifa yako. Nilitoa simu yangu, nikafungua ramani. Nukta ya nyuma ya Busi ilipepesa. Kijani. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama anayemwonyesha mtoto. Kijani.

"Inanijibu kila siku," Bi Salima akasema. "Tumepokea. Watu walipohama na ng'ombe walinisihi, wakasema tumbebe mzee kwa machela twende wote. Nikawaambia nendeni, sisi tunasubiri mafundi. Taarifa imepokelewa. Zuberi yuko kule."

Maji ya kunywa alikuwa akiyafukua kwenye mchanga wa korongo, kata moja ya kuchotea baada ya nyingine, hadi alfajiri ile mzee alipofariki, akaenda akafukua akapata tope. Ndipo akapanda kichuguuni akabonyeza hadi mchana, akiamini maiti anaweza kusubiri kidogo, na kwamba mafundi wenye gari huenda wako njiani. Sisemi kiu ndiyo iliyomuua Mzee Omari. Alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na mtu aliyemwona mwisho ni mkewe. Nasema tu kilichokuwepo.

Zuberi aliketi juu ya saruji ya pampu. Nyigu walimzunguka, hakuwafukuza. Nilianza kuelewa, na nadhani yeye alielewa kabla yangu, kwa sababu alikuwa akinong'ona, "Nilihesabu tu. Cha kwanza, cha pili. Sikukiuliza kinasema nini." Programu yake haikuwa na jina la kitufe chochote. Ilihesabu kutoka juu: kilichobonyezwa kikiwa cha kwanza, iliandika Maji yapo, kikiwa cha pili, Maji hakuna. Kijana wa Dar es Salaam alipokiondoa cha juu na kukipandisha cha chini, hakuna aliyeiambia ile hesabu kwamba aliyekaa kwenye kiti cha kwanza sasa ni mwingine. Tangu mavuno, kila mlinzi aliyelia kiu alikuwa akiandikwa kwetu kuwa ameshiba.

Bi Salima alimsogelea. Hakumfokea. Nimekaa na sauti yake miaka yote hii, ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona, Shangazi."

"Ulikuwa unaonaje?"



Zuberi alibaki kule kuwahamishia Busi wale waliobaki. Mimi nilirudi Kizota peke yangu, nikamweleza Madam Eliza kila kitu, nimesimama, mkoba ukiwa bado begani. Alisikiliza akiwa ameshika paji la uso. Si mwanamke mbaya, na wakati ule pia sikumwona mbaya. Aliniuliza kama hitilafu inaweza kurekebishwa katika toleo lijalo. Nikasema ndiyo, kila kitufe kipewe jina lake mwenyewe, linalokifuata popote kitakapohamishwa, kipandishwe au kishushwe, kipakwe rangi yoyote.

"Basi rekebisha," akasema. "Kuanzia leo iwe sawa. Ya nyuma yaache, Tabitha. Wageni wanakuja wiki hii."

"Madam, ya nyuma ni watu. Bado wanasubiri."

Sikungoja anijibu. Nilikaa kwenye kompyuta. Kila mbonyezo uliokuja tangu mavuno ulikuwa na alama ya toleo la simu iliyoutuma, ambayo mistari yangu haikuionyesha, kwa hiyo iliwezekana kuupa jina lililokuwa limeandikwa kwenye kioo saa ile kidole kilipogusa. Ilikuwa mchana, chakula kimeletwa, hakuna aliyekigusa. Nilipomaliza niliiambia ramani ijisome upya.

Ilianzia kusini. Nukta ya karibu na Mtera iligeuka nyekundu, ikafuata ya jirani yake. Kisha zikaanza kupanda, bila sauti, moja ikiiwasha nyingine, zikapita mjini, zikaingia vilimani, hadi sebule nzima ikabadilika rangi, na mikono yetu pia, na wali kwenye sahani. Upande wa pili wa ukuta fundi aligusisha chuma, taa zikafifia, ramani ikazidi kuwaka. Mama Juli alikuwa ameshika bakuli. "Hawa wote?" akauliza. Madam alisema, "Zima." Nilinyoosha mkono. Akasema, "Hapana. Acha." Akaenda chumbani kwake akarudi na simu, akavuta kiti akaketi mbele ya ile ramani, akaanza kuwapigia mafundi wa pampu, akisoma majina ya vitongoji ukutani kwa sauti.

Tulipiga simu kutwa nzima siku hiyo na zilizofuata. Kwingine ilipokelewa, kwingine ikalia hadi ikakata. Kitongoji kimoja cha bonde la Mtera, mwanamke alipokea, nikamweleza kwamba tumepata taarifa zao, mafundi wanakuja, poleni sana. Akanijibu, "Sisi tulidhani mmetuona, mkaamua."

Nimefanya kazi hii tangu wakati huo, katika miji mitatu, na programu za mabenki, za hospitali, za wauza samaki. Vijana ninaofanya nao wananiita Bibi Jina, kwa sababu hawaruhusiwi kusogeza kitufe hata kwa upana wa ukucha kabla hawajanionyesha jina lake, na kubonyeza mbele yangu, na kunionyesha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichobonyezwa. Wanaona nimezidisha. Ripoti ikija nzuri mno huwa sipati usingizi, na mume wangu ameacha kuniuliza. Naulizwa kwenye semina nilijifunza wapi nidhamu hiyo, nasema kazini, Dodoma, na watu wanaandika.

Madam Eliza aliwaambia wafadhili mwenyewe, akiwa ameketi chini ya ramani nyekundu. Waliondoka kwa heshima, na kabla mwaka haujaisha mradi ulifungwa. Pampu nyingi zilikuwa zimekwisha kutengenezwa. Vitongoji vingine watu hawakurudi. Zuberi hakurudi Kizota hata kuchukua vitu vyake. Nilimfungashia mimi, kikombe, sweta, na waya wa kuchajia. Alijiunga na mafundi wa pampu kama msaidizi, akajifunza kushusha mabomba kisimani, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya vilimani Kondoa hadi alipougua. Sikumwona tena akigusa kompyuta.

Pampu ya nyuma ya Busi waliitengeneza mvua za kwanza zikiwa zinanukia tu. Nilikwenda, bila kutumwa na mtu. Familia chache zilikuwa zimepanda kutoka bondeni, miiba imeondolewa milangoni. Zuberi ndiye aliyeshika mpini, mafuta meusi hadi viwikoni. Alisukuma muda mrefu, bomba likakohoa hewa, likatema tope la rangi ya kutu, na baada ya tope yakaja maji. Wanawake walipiga vigelegele. Bi Salima alifungua fundo la kanga, akapanda kichuguuni na simu, akaigeuza huku na huku.

"Mwanangu," akaniita, "nibonyeze wapi kusema yametoka?"

Nilipanda nikasimama kando yake. Ilinibidi nimwambie kwamba kitufe hicho kiliondolewa, kwamba ilionekana hakuna atakayekihitaji. Aliifunga simu tena kwenye kanga. Akashuka, akakinga ndoo chini ya bomba hadi ikafurika, akamwita Zuberi aache mpini. Kaburi la Mzee Omari lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mawe meupe, na udongo wake, ambao kwa desturi hunyunyiziwa maji mazishi yakiisha, haukuwahi kupata tone tangu siku walipomfukia. Bi Salima alishika ndoo, akampa Zuberi kata. Zuberi alianza upande wa kichwa, akamwaga kidogo kidogo kushuka miguuni, na udongo uliyanywa yale maji papo hapo, hata unyevu haukuonekana.

"Ongeza," shangazi yake akamwambia.